Naomba ushauri: visu vya zamani vya kukunja vilivyotolewa zawadi na makampuni

Wakuu, salaam. Nakusanya visu vya kukunja vya Uswisi, hasa vile ambavyo makampuni yaliwapa wateja na wafanyakazi wao, vyenye nembo ya kampuni kwenye mpini. Kwangu hivi vina thamani kuliko vya dukani, maana kampuni ikishafungwa, kile kisu huenda ndicho kumbukumbu pekee iliyobaki mikononi mwa watu.

Nimepata kimoja chekundu cha Wenger, kampuni ya visu ya Uswisi, nembo imeanza kufutika. Kwa kuwa Victorinox, kampuni nyingine ya visu ya huko, iliinunua Wenger mwaka 2005 na baadaye ikaacha kutengeneza visu vya jina hilo, najua si cha jana. Ila nataka kukadiria umri wake vizuri zaidi. Huwa naangalia chapa iliyogongwa kwenye shina la bapa, pale linapokutana na mpini, kama tunavyofanya kwa Victorinox: kikiandikwa Victoria bila "inox", hicho ni cha kale kweli, maana jina la Victorinox lilianza 1921. Kwa Wenger mnaangalia nini?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Bapa lina kutu kidogo na bawaba ni nzito. Mafuta mepesi nitatia, lakini je, niisugue kutu au niiache? Kunoa sitaki, makali ya kiwandani yakiondoka hayarudi. Na nembo niisafishe kwa kitu gani bila kuimaliza? Naogopa spiriti itaondoa rangi.

Mwenye uzoefu naomba anielekeze kabla sijakigusa.