Linki ya 5 GHz inakatika kila jioni: nizime DFS au ninunue vifaa vya masafa ya TV?

MtaaNet_Voi: Wakuu, salaam. Nasambaza intaneti hapa Voi. Nina linki ya kilomita 9 kutoka mnara wa mjini hadi zahanati moja upande wa Sagalla, redio za 5 GHz, chaneli ya MHz 20. Nimeifungia kati ya MHz 5600 na 5650 kwa sababu huko palikuwa kimya. Ishara ni nzuri, lakini linki inakufa ghafla, inakaa kama dakika kumi, inarudi yenyewe. Wauguzi wanatuma ripoti jioni. Ikikatika katikati wanaanza upya, na inaniuma. Fundi mmoja kasema nibadilishe nchi kwenye mipangilio ili DFS, ule mfumo wa redio kuhama chaneli ikihisi rada, izimike. Mwingine anasema ninunue vifaa vinavyotumia nafasi tupu za masafa ya televisheni. Nifuate lipi?

Mama_Antena: Nchi usiiguse, kaka. Hizo dakika kumi ndizo zinazosema tatizo liko wapi. Masafa hayo wenyewe ni rada, sisi tumeruhusiwa kwa sharti la kupisha. Redio ikihisi mapigo ya rada inapewa sekunde 10 kuondoka, na chaneli ile haiguswi kwa dakika 30. Kabla ya kurusha kwenye chaneli mpya lazima isikilize: kwa kawaida sekunde 60, ila 5600 hadi 5650 ni dakika 10, maana ni eneo la rada za hali ya hewa. Wewe umeifungia humo humo, inatoka chumba hiki inaingia cha pili na kungoja upya. Ruhusu 5500 hadi 5580, zile za 5600 zitoe kabisa.

Kilele77: Naunga mkono. Kule San Juan, Puerto Rico, watoa huduma waliorusha bila kupisha waliivuruga rada inayowaonya marubani kuhusu upepo hatari karibu na uwanja wa ndege. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliwatoza faini. Hilo si jambo la kuchezea.
Ila si kila "rada" ni rada. Redio nyingine kwenye mnara huo huo inaweza kuidanganya yako. Fungua kumbukumbu za redio uone saa na chaneli.

MzeeWaUHF: Kuhusu masafa ya TV: yanafanya kazi kweli, Nanyuki yalijaribiwa tangu 2013. Kifaa kinaeleza mahali kilipo, hifadhidata inakijibu chaneli zipi kati ya 470 na 694 MHz hazina kituo cha TV hapo na kirushe kwa nguvu gani. Lakini huna kinga: mwenye kituo cha TV akihitaji chaneli, unahama. Halafu chaneli moja ni MHz 8 tu, chini ya nusu ya ulizo nazo sasa. Faida yake ni kupenya miti na kuzunguka vilima. Wewe unaiona zahanati kutoka mnarani, pesa hiyo ya nini?

MtaaNet_Voi: Asanteni sana. Kumbukumbu zimejaa "rada", zote jioni, na zinaanza wiki ambayo jirani alifunga redio yake mita mbili juu ya yangu. Nimehamia 5540, nitazungumza naye tutenganishe antena. Mrejesho nitaleta. Mzee, kuna shule nyuma ya miti mikubwa, haionekani kabisa kutoka mnarani. Huko je?

MzeeWaUHF: Huko ndiko. Nipe umbali na urefu wa miti, na uwaulize Mamlaka ya Mawasiliano masharti ya kibali kabla hujaagiza chochote.