Opsheni za startapu: ninunue zote, nusu, au niziache?

Mpare_Dallas
Wakuu, habari za Jumapili. Nimeacha kazi kwenye startapu moja niliyokaa miaka minne na ushei. Nina opsheni 20,000 (haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa), bei yangu dola 1 kila moja, zote zimekomaa, yaani muda wa kuzisubiri umekwisha na ni zangu kamili. HR wameniandikia kwamba nina siku 90, zikipita zinarudi kwa kampuni. Nazinunua zote kwa dola 20,000 (hapo akiba imekwisha), nanunua nusu, au naziacha nipeleke hela kwenye kiwanja Kibaha? Na kodi ikoje? Msinicheleweshe, siku zinakwenda.

Bi_Saumu
Haraka yako naiona, maelezo siyaoni. Ni ISO (opsheni za wafanyakazi zenye nafuu ya kodi) au NSO (zisizo na nafuu hiyo)? Tathmini ya mwisho ya 409A, yaani thamani ya hisa moja kwa hesabu za kodi, ilikuwa dola ngapi? Siku ya mwisho kazini ilikuwa lini? Umeoa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

KijanaMvita
Nunua zote ndugu yangu, usizubae. Ukishika hisa leo, saa ya QSBS (msamaha wa kodi kwa hisa za kampuni ndogo) inaanza kuhesabu. Hisa zilizotolewa baada ya 4 Julai 2025 ukikaa nazo miaka mitatu, nusu ya faida haina kodi ya serikali kuu; minne, robo tatu; mitano, yote, hadi dola milioni 15. Opsheni mkononi haihesabiki hata siku moja.

Bi_Saumu
Kijana, hiyo ni kama kampuni ni C corporation (inayolipa kodi yake yenyewe), ya biashara inayokubalika, na mali zake hazikuzidi dola milioni 75 siku hisa zinapotolewa. Mwenzio hajatuambia hata kampuni inauza nini.

Mpare_Dallas
Samahani dada. Ni ISO. 409A ya mwisho dola 6. Siku ya mwisho 24 Oktoba. Sijaoa. Kwa mwaka mzima wa 2025 mshahara, pamoja na kazi mpya, utafika 130,000. Kampuni iko California ila mimi siku zote nimefanyia kazi nyumbani, hapa Texas.

Bi_Saumu
Sasa tunaongea. Texas haina kodi ya mapato, kwa hiyo ni IRS, watoza kodi wa serikali kuu ya Marekani, peke yake. Tofauti ya 409A na bei yako ni dola 5 mara 20,000, yaani 100,000. Zingekuwa NSO, hiyo yote ingehesabiwa mshahara siku ileile. Kwa ISO kodi ya kawaida inakupita, lakini AMT, ile hesabu ya pili ya kodi ya kima cha chini, inakuona. Nimepiga hesabu kwa mseja wa mshahara wako, msamaha wa AMT wa 2025 ukiwa 88,100: ukinunua zote kabla ya mwaka kwisha, unaongezewa kama dola 16,600. Ukinunua 7,000, sifuri.
Na siku zako 90 zinaishia 22 Januari. Umevuka mwaka! Ukinunua 10,000 Desemba na 10,000 Januari, utalipa kama 3,600 kwa mwaka huu na karibu hivyo hivyo kwa mwakani, mshahara usipobadilika na 409A isipopanda. Hilo la 409A waulize kabla hujasubiri.

Tajiri_Mtarajiwa
Mbona mnamzungusha? Ajaze 83(b), ile ya kuchagua kulipa kodi mapema, ndani ya siku 30, kwisha habari.

Bi_Saumu
83(b) ni ya hisa ambazo hazijakomaa. Zake zimekomaa zote.

Tajiri_Mtarajiwa
Mimi nilituma mwaka 2021 kwa barua ya rejista, risiti ya posta ninayo hadi leo.

Bi_Saumu
Ulinunua zikiwa hazijakomaa?

Tajiri_Mtarajiwa
...ndiyo.

BabaNeema_MN
Mwanangu Mpare, mimi nisikilize kabla hujatoa hela. Nilitoka kampuni moja (sitaitaja) na barua kama hiyo yako. Nikatoa dola 18,000 za ISO, Aprili iliyofuata AMT ikala 11,000 nyingine. Mama Neema alinitazama tu, hakusema neno, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Baada ya miaka miwili wakatuita kwenye Zoom: kampuni imeuzwa milioni 45. Tukashangilia! Nikaanza kupiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Kumbe wawekezaji walikuwa wameingiza milioni 60 kwa hisa za upendeleo, na mkataba unasema wao wanarudishiwa kwanza. Sisi wa hisa za kawaida tukapata sifuri. Hasara yenyewe naikata dola 3,000 kwa mwaka kwenye mshahara, kwa sababu sina faida nyingine ya kuifuta. AMT nayo narudishiwa kwa vipande kwa fomu 8801. Koti lenye nembo yao ninalo, navaa nikipiga koleo theluji.
Kwa hiyo kabla ya kodi, uliza: wawekezaji wameingiza ngapi, na wanadai kurudishiwa mara moja au mara mbili ya walichoweka?

KijanaMvita
Pole mzee. Lakini kampuni moja kufa si zote kufa.

BabaNeema_MN
Sijasema zote. Nimesema aulize.

Nyambura_Kitengela
Mimi ningeweka kwenye shamba, angalau unaliona. Ila Kenya kodi ya faida ya mtaji si ile 5% tena, tangu Januari 2023 ni 15%.

KijanaMvita
Na ukiwa na green card IRS nao wanataka kusikia habari za shamba lako.

Nyambura_Kitengela
Shamba langu? Walikuja lini kupalilia?

Bi_Saumu
Faida ukiuza unairipoti, kisha kodi uliyolipa Kenya unaikata kwenye ya huku. Turudi kwa Mpare jamani.

Mpare_Dallas
Nimewaandikia HR kuhusu wawekezaji na 409A mpya. Wamejibu kwamba mtu wa fedha yuko likizo hadi tarehe 5 Januari. Nafikiria 7,000 sasa, halafu nione. Au nisubiri jibu kwanza?

BabaNeema_MN
Likizo ya mwezi mzima? Hmm.

Nyambura_Kitengela
Hicho kiwanja cha Kibaha, hati kinayo au ni karatasi ya serikali ya mtaa?