Shiti moja, watu 14 wanaiediti, barua ya onyo napewa mimi

Wakuu, habari za usiku. Nilikaa kimya siku tatu ili nisiandike kwa hasira. Haijaisha, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Niko kwenye kampuni inayouza sola kwa mkopo, jina naliacha. Wateja wote wako kwenye shiti moja ya Google Sheets, yaani jedwali la mtandaoni ambalo watu wengi wanalijaza kwa pamoja: jina, simu, kijiji, tarehe ya rejesho, salio. Mistari 2,300 na ushee. Niliitengeneza mimi, maana zamani kila ajenti alikuwa na daftari lake, bosi akitaka ripoti tunapigiana simu mpaka saa nne usiku.

Nilimwomba bosi kitu kimoja tu: maajenti wajaze salio, kolamu nyingine nizifunge. Akanijibu, "Hapa sisi ni familia, hatufungiani milango." Akachukua linki akaimwaga kwenye grupu la WhatsApp, yeyote mwenye nayo anaediti, hata bila kuingia na akaunti yake.

Wiki iliyopita mtu kachagua kolamu ya majina peke yake, kaipanga A mpaka Z. Majina yakahama, simu na madeni yakabaki palepale. Programu haijui kwamba hili jina na lile deni ni vya mtu mmoja, umeiambia ipange hiki, imepanga hiki. Na orodha inavyopendeza sasa! Imenyooka kialfabeti, kila mtu kabeba deni la mwenzake.

Tumekuja kushtuka siku ya nne, fundi alipotumwa kung'oa paneli kwa mzee mmoja kijijini. Mzee kamkaribisha, kamkalisha kwenye kigoda, kaingia ndani, katoka na bahasha ya kaki. Risiti zote zimebanwa kwa pini, ya mwisho imeandikwa salio sifuri. "Mwanangu, soma mwenyewe." Fundi ananipigia, hata sauti haitoki.

Najua mtasema rudisha toleo la zamani, historia ipo. Ipo, lakini nikirudisha la Jumatatu nafuta malipo yote yaliyoingizwa mpaka Alhamisi. Kwa hiyo nimekesha usiku mbili nalinganisha toleo la zamani na jipya, mstari kwa mstari. Na aliyevuruga? Asiyejulikana. Wageni wasio na akaunti Google inawaonyesha kwa majina ya wanyama, na siku ile mchana niliona fisi, kiboko na twiga mle ndani. Sasa nimpelekee bosi fisi kikaoni?

Kosa langu nalo nilitaje kabla hamjanisulubu. Faili niliacha na mpangilio wa Marekani. Ajenti akiandika 5/8, yaani tarehe tano mwezi wa nane, lenyewe linasoma tarehe nane Mei, mteja anahesabiwa kachelewa miezi. Akiandika 13/8 haliielewi, linaiacha kama maandishi, imejibana kushoto mwa kisanduku wakati zenzake ziko kulia. Ukiona hivyo kwako, shtuka. Sifuri za mwanzo za namba za simu nazo zilimezwa, hizo nilizirekebisha kwa kugeuza kolamu iwe ya maandishi.

Kikaoni bosi kasema programu za Wazungu hazikosei, mzembe ni mtunza shiti. Nikamkumbusha Uingereza, Oktoba 2020, majibu karibu 16,000 ya waliokutwa na korona yalichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu ya faili la Ekseli la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mstari wa 65,536. Kaniambia nisimletee habari za Uingereza. Kesho yake barua ya onyo iko mezani, na nakala imekwenda kwenye faili langu.

Naombeni mawili. Aliyewahi kujibu barua ya namna hii, ulijibuje bila kumtukana mtu? Pili, waliohamia Microsoft Lists au Airtable, ambako ukipanga mstari unahama mzima na jina na deni lake, mliwashawishije mabosi zenu?

Nimeifungua tena sasa hivi, saa sita usiku. Fisi yumo. Kasimama kwenye kolamu ya majina.