Mume alidipotiwa toka Uingereza, amri ya kufukuzwa nchini inafutwaje?

Wadau habari. Mume wangu alidipotiwa toka Uingereza baada ya kifungo cha miezi 14, sasa yuko Tanga mimi niko huku na mtoto anayemjua babake kwa video koli tu, miaka minane imepita, hiyo amri si imeshaisha yenyewe?

— Haiishi dada. Sheria yao ya uhamiaji ya 1971, amri inakaa mpaka waifute. Anaomba hata akiwa Tanga, ambatanisha cheti cha mtoto, cha ndoa, na ushahidi kuwa katulia.

— Na wakifuta hapo sio viza, anaomba upya. Mimi wakala alinila pauni 600 akajaza fomu ya viza amri bado ipo, wakakataa fasta 😂

— Uwii! Asanteni, barua naanza leo leo.