Kituo cha dharura cha mtaa: kufuli nje, vumbi ndani

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Umeme umekatika siku mbili, mvua haikatiki. Tukajipa moyo, si tuna kituo cha dharura? Kilizinduliwa kwa utepe na hotuba, paneli za sola zimepangwa juu ya paa utadhani maonyesho. Tumefika na simu zilizozima, jirani yetu ana insulini, dawa yake ya kisukari, kaizungushia kitambaa chenye maji isipate joto. Tunakuta kufuli. Mwenye ufunguo ni mmoja, na kasafiri.

Tulivunja. Ndiyo, tulivunja, atakayenishtaki aje.

Ndani hata taa moja haiwaki. Jirani ambaye ni fundi umeme akapanda, akashuka anacheka kwa hasira. Sola ile imefungwa itegemee gridi, yaani umeme wa taifa, betri haina. Gridi ikizima, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika majumbani) nayo inajizima ili isirudishe umeme kwenye nyaya ikamuua fundi aliye juu ya nguzo. Hapo inveta haina kosa, ndivyo ilivyotengenezwa. Ila ni nani aliyeagiza sola ya kufa pamoja na gridi kwa ajili ya jengo la kututoa gizani?

Jenereta ipo, tangi la mafuta kavu, betri ya kuwashia imekufa kwa kukaa bila chaji. Maji? Kwenye misaada ya dharura kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Sisi tulikuta tangi lina buibui, na bango la uzinduzi limekunjwa vizuri kabisa.

Msiniletee habari ya umaskini. Bangladesh, kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Leo majengo yao mengi ya kujikinga na vimbunga ni shule siku za kawaida, mtoto anajua mlango uko wapi kabla upepo haujaanza. Puerto Rico, mji wa Adjuntas, kituo cha jamii cha Casa Pueblo kilikuwa na watu wake miaka mingi, na kimbunga Maria kilipozima kisiwa mwaka 2017, sola yao iliendelea kuwaka, watu wakaenda kuchomeka vifaa vyao vya matibabu.

Chetu kinafunguliwa akija mgeni rasmi.

Tumeomba ufunguo ukae kwa watu watatu wanaoishi hapahapa, jenereta iwashwe kila mwezi, na ukumbi utumike hata kwa masomo ya jioni. Majibu yamekuja jana: wamefunga kufuli jipya, kubwa zaidi. Ufunguo ni uleule mmoja.