Mkandarasi wa faiawoli anaagiza "zima, washa", pakiti zinaendelea kupotea na ushahidi unafutika

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira. Ofisi yetu iko Makole, hapa Dodoma, na karibu kazi zetu zote, kuanzia ritani za kodi za wateja hadi simu za mezani, hupita kwenye faiawoli moja (kifaa cha ulinzi kilichoko kati ya mtandao wa ofisi na intaneti) ambayo mkandarasi analipwa kila mwezi kuisimamia. Wafanyakazi wakishaingia wote na mafaili makubwa yakaanza kupakiwa, sauti za simu hukatikakatika na mafaili hukwama. Tukimpigia, jibu lake ni moja: zimeni, kisha washeni.

Faiawoli huhesabu pakiti (vipande vidogo vya data) zinazoingia na kutoka katika kila poti (tundu la kuchomekea kebo), pamoja na zilizoharibika na zilizotupwa, na hesabu hizo hurudi sifuri kifaa kinapozimwa. Kwa hiyo aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta chanzo ndiye anayeagiza ushahidi ufutwe, kisha anatuambia kwamba haoni kosa lolote. Nafuu tunayoipata baadaye inatokana tu na upakiaji kukatika na laini kubaki tupu kwa muda.

Fundi aliyekuja alituma ping (ujumbe mdogo wa kujaribu kama kifaa cha mbali kinajibu) kutoka kwenye kompyuta yake, akaona majibu yote yanarudi, akaandika kwamba kosa ni la mtoa huduma ya intaneti. Ping ya kawaida ya Windows hubeba baiti 32 na hutoka takribani mara moja kwa sekunde; haiwezi kusema lolote kuhusu laini ya megabiti 100 iliyojaa mzigo. Mtoa huduma naye alipima hadi kwenye kifaa chake tu, akatupa lawama kwenye faiawoli. Mmoja wao alidiriki kulilaumu vumbi la Dodoma.

Nilipokataa kuzima kabla ya kusomewa hali ya poti ya nje, ile inayoungana na mtoa huduma, ilibainika kwamba inafanya kazi kwa megabiti 100, nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), na migongano iliyochelewa (pakiti kugongana baada ya muda wa kawaida wa kugongana kupita) inazidi kuongezeka. Mtoa huduma, baada ya kubanwa, alieleza kwamba poti yake imewekwa kwa mkono kwenye megabiti 100, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), na kwamba upande wake unaona makosa ya CRC, yaani pakiti zinazofika zikiwa zimeharibika. Kwa anayeijua kazi hii, chanzo kilikuwa wazi tangu hapo. Upande mmoja ukiwekwa kwa mkono na mwingine ukaachwa ujipangie wenyewe, huo wa pili hutambua kasi lakini hauna njia ya kutambua dupleksi, na kanuni za Ethaneti huutaka uchukue nusu. Faiawoli basi husubiri laini itulie ndipo itume, ilhali kifaa cha upande wa pili hutuma wakati wowote. Pakiti za pande hizo mbili zikigongana, faiawoli hukatiza pakiti yake katikati na mwenzake hupokea kipande kisichofaa. Ping chache hupita kwa sababu ni nadra kukutana na chochote njiani. Mafaili hupunguziwa mwendo na TCP (utaratibu wa kutuma data unaorudia pakiti zilizopotea) kila pakiti inapopotea, na sauti ya simu ikishapotea haitumwi tena.

Dawa yake ni kuziacha poti zote mbili zijipangie, au kuziweka zote mbili kwa mkono kwenye dupleksi kamili. Badala ya hilo tumeletewa profoma ya faiawoli mpya, kwa madai kwamba iliyopo imeelemewa, bila hata kipimo kimoja cha prosesa wala cha kumbukumbu. Hiyo mpya nayo, ikiachwa ijipangie kwenye poti ile ile ya mtoa huduma, itaangukia nusu-dupleksi vilevile. Tunaambiwa pia tumsubiri fundi mkuu kutoka Dar es Salaam, ilhali mipangilio hiyo inaweza kubadilishwa kwa mbali.

Ninachodai ni hesabu za poti za pande zote mbili, zilizosomwa kwa wakati mmoja mzigo ukiwepo, tena kwa maandishi, na pakiti zinaswe ndani na nje ya faiawoli kwa pamoja ili ijulikane zinapotelea upande gani. Ninadai pia akaunti ya kuingia kwenye faiawoli na kusoma tu, bila kubadilisha chochote, ambayo mkandarasi anatunyima kwa kisingizio cha usalama. Kama kuna aliyefanikiwa kuliingiza sharti hilo katika mkataba wake, naomba aniwekee hapa maneno yaliyotumika, kwa sababu wetu unakaribia kuhuishwa na sitausaini ukiwa hivi ulivyo.