London mpaka Paris: ndege, treni au basi, ipi inawahisha kweli?

mama_Barking: Habari zenu wadau. Nipo Barking, mashariki mwa London, mwezi ujao nampeleka mwanangu wa miaka minne Paris kwenye harusi ya dada. Ndege naona imeandikwa saa moja na robo, treni masaa mawili na dakika kama ishirini, basi linakaribia masaa tisa. Nikate ya ndege tu au? Nina mabegi mawili makubwa yamejaa vitenge vya kamati.

msafiri_E7: Dada hiyo saa moja na robo ni kutoka geti mpaka geti, umbali wenyewe ni kama kilomita 340 tu ukinyoosha mstari kwahiyo hewani hata saa nzima haifiki, shida ni ya huku chini. Barking mpaka Heathrow ni zaidi ya saa, hapo uwahi masaa mawili kabla, ukishuka uwanja wa Charles de Gaulle huko Paris kuna foleni ya pasipoti, unasubiri begi, halafu treni ya RER B nusu saa na zaidi mpaka mjini. Jumlisha mwenyewe. Treni sasa, unapanda treni ya mjini ya Hammersmith & City hapo hapo Barking unashukia King's Cross, hubadilishi popote, unavuka tu kuingia St Pancras, kituo cha treni ya Paris. Uwepo saa nzima kabla au zaidi. Polisi wa Ufaransa wanakukagua pasi hapo hapo London, ukifika Gare du Nord, kituo cha Paris, unatembea zako.

Kaka_Slough: Inategemea unaishi wapi jamani. Mimi Heathrow ni pua na mdomo, kwenda St Pancras ndo safari yenyewe. Wa huku magharibi ndege bado inalipa, hasa kama huna begi la kukabidhi.

msafiri_E7: Hapo sawa mkuu, ila yeye ana mabegi mawili na mtoto. Eurostar, wenye hiyo treni ya Paris, hawapimi kilo, wanaangalia ukubwa, begi lisizidi sentimita 85.

bwana_basi: Basi msilidharau, kwa anayekata tiketi dakika za mwisho bei ya treni inauma sana. Unalala njiani, asubuhi upo Bercy, kituo cha mabasi Paris. Ila dada kwa mtoto wa miaka minne sikushauri, usiku wa manane mnaamshwa wote mshuke na pasi mkononi kabla ya kuvuka, na mvua ya Dover pale bandarini inavyojua kuchagua wakati, utamhurumia.

mama_Barking: Asanteni sana. Mbona treni moja inaonyesha kuondoka saa nne asubuhi kufika saa saba na dakika ishirini? Si masaa matatu na ushee hayo?

msafiri_E7: Paris wapo mbele saa moja. Njiani ni masaa mawili na dakika ishirini, chini ya bahari mnakaa kama dakika ishirini tu, mtoto mwambie mapema maana dirisha linakuwa giza ghafla. Kurudi ndo utaona kama umeruka, saa moja inarudi kwako.

Kaka_Slough: Dada pasi yako ya wapi? Kama ni ya Tanzania unahitaji viza ya Schengen, ndo ya kuingilia Ufaransa, hata kama una kibali cha kuishi Uingereza, na miadi inachelewa kupatikana, anza nayo kabla ya tiketi. Mtoto kama ana ya Uingereza haitaji viza, ila angalia iwe na miezi mitatu mbele kuanzia siku mnayotoka huko.

mama_Barking: Yangu ya Tanzania. Naingia kutafuta miadi sasa hivi.